Kidole Katika Ukurasa wa Arobaini

Alhamisi, 8 Oktoba 2009

Shajara hii nimepewa na Zadock, mwenye duka la kujalidi vitabu ninakofanya kazi pale mjini. Ilijalidiwa juu chini, jalada linatazama huku na kurasa zinatazama kule, mteja akaikataa. Zadock akaniambia, "Chukua, Mwihaki. Si hata maisha yako iko hivyo?" Nilicheka kwa sababu hakukosea sana.

Basi niandike. Nina miaka ishirini na tisa, nina binti wa miaka minane, sina mume na simtafuti. Mwezi uliopita tulitoka chumba chetu cha Dagoretti Corner tukarudi kwa mama yangu hapa Kabiria, kwa sababu mama anasahau. Alianza kusahau sufuria motoni, akaja kusahau siku, na sasa husahau kama amekula akiwa bado anapangusa mdomo.

Watu hajawasahau. Kaka yangu Muigai anamjua kwa jina, ingawa huja mara moja moja tu kutoka Mountain View. Peres anamjua pia. Huyu ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mama wa kutoka upande wa ziwani, ndiye anayekaa naye mchana na sote humwita Mama Lenox. Binti yangu Nyakio amepewa jina la mama, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo mama humwita wakini, yaani mwenye jina langu, na hajawahi kumkosea. Ni mimi tu. Mimi ananitazama juu ya bega, anamtafuta mtu aliye nyuma yangu, kisha anauliza, "Mwihaki hajarudi?"

"Mimi ndiye Mwihaki, maitu, mama yangu."

"Si wewe," anasema, kwa upole kabisa, na kugeukia dirisha linalotazama bondeni.

Nitasema hapa nisichoweza kumwambia mtu. Nataka mama anijue, hata mara moja, kabla hajatuacha. Inaniuma kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuuma.

Jumamosi, 10 Oktoba

Redio haina habari nyingine ila El Nino. Mwaka mzima hapajanyesha, mifereji imekauka, stima ni ya mgao, na sasa eti tutafurika. Fundi alisema bati la stoo limeoza, nikapanda mwenyewe kuondoa vitu.

Juu ya ukuta, pale mbao za paa zinapolalia, mkono wangu uligusa mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba. Kabla sijaufungua nilijua ni nini.

Ni kile kitabu. Nilikisoma nikiwa na miaka tisa, kisha mama akakichukua mikononi mwangu na sikukiona tena. Sikuuliza. Katika nyumba yetu mtoto hakuuliza kitu kilichochukuliwa, alishukuru tu kwamba hakuchukuliwa yeye. Jina la kitabu limefichwa na karatasi ya kaki, kama tulivyokuwa tukifunika vitabu vya shule. Ni kitabu cha Kiingereza, na kinakuambia "wewe". Wewe ni mtoto umefika nchi ya barafu, unaishi na watu wa huko, unajifunza kula samaki mbichi na kuendesha mbwa wanaokokota mizigo juu ya theluji. Kila baada ya kurasa chache unaulizwa: ukitaka kufuata wawindaji, nenda ukurasa huu, ukitaka kubaki na akina mama, nenda ule. Ukichagua vibaya unapotea, au barafu inapasuka chini ya miguu yako.

Nyakio amekidaka kabla sijashuka ngazini.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani tumeombea mvua isije nyingi. Mwezi wa saba tuliombea ije.

Jumatano, 14 Oktoba

Stima imezimwa saa ya uji, tukawasha taa ya chemni na kuanza kusoma. Nasoma kwa sauti, nikikigeuza Kikuyu mama asikie. Yeye alikaa dirishani, mgongo kwetu.

Nimemfundisha Nyakio ujanja wa vitabu hivi. Ukifika pa kuchagua, acha kidole chako hapo, ndipo ugeuze. Ukifa huko mbele, unarudi kwenye kidole na kuchagua upya, kama hakuna kilichotokea.

"Na ukitoa kidole?"

"Basi umebaki huko."

Alikitazama kidole chake kwa muda, akakikaza.

Watu wa barafu wamemsikitisha. "Yaani hawana hata sukuma wiki?" Nikamwambia huko haimei. Mara akaona kitu: kando ya kila chaguo kuna alama ndogo ya penseli, tiki iliyolalia kushoto. "Ni zako, mum?"

"Za nani tena," nikamjibu. Lakini mimi sikumbuki penseli. Na tiki zangu, Zadock anajua, hulalia kulia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua. Moja, ya kweli. Mama alisimama dirishani mpaka ikaisha. "Mwihaki hajarudi?"

Jumanne, 20 Oktoba

Sikukuu. Muigai alikuja na ndizi na mkate, akiwa na tai yake ya kazini, kwenye kampuni ya bima, hata siku ya mapumziko. Alimsalimu mama, akaitwa kwa jina lake, akafurahi. Mimi nilikuwa nyuma yake na chai.

Nyakio akamwonyesha kitabu. Muigai hakukishika. Aliweka mikono yake chini ya meza, akaniuliza kwa Kiswahili cha haraka ili mama asifuate, "Hii kitu umeitoa wapi?"

"Stoo, juu ya ukuta. Unaikumbuka?"

"Choma."

"Ni kitabu ya watoto, Muigai."

"Sasa si nimekwambia? Choma hii kitu."

Aliondoka kabla ya chakula. Muigai hajawahi kuondoka kabla ya chakula tangu azaliwe.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua ya siku tatu. Bonde limeanza kunguruma, mto ule mdogo unaosahaulika mwaka mzima sasa unasikika mpaka jikoni.

Tulikuwa tunasoma pale wawindaji wanapovuka ghuba iliyoganda. Nilifika mwisho wa ukurasa, Nyakio akaweka kidole, na kabla sijageuza mama akasema bila kutuangalia, "Asiende na wanaume. Mbwa wa mbele atakataa kutembea, na yeye ataenda kumvuta."

Nikageuza. Mbwa wa mbele alikataa kutembea. Wewe ulikwenda kumvuta, na barafu ikapasuka.

Nyakio alirudi haraka kwenye kidole chake. Mimi nilikaa nimekishika kitabu. Mama hakusoma shule zaidi ya kujua kuandika jina lake, na Kiingereza kwake ni cha kujibu salamu tu. Nilijiambia huenda nilimsomea zamani. Nilijiambia hivyo tena nikiosha vikombe, na nilipokuwa nikifunga mlango.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kazi, tasnifu za wanafunzi, matope mpaka magotini. Mama anauliza, mimi najibu, yeye anasema si mimi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Tumefika ukurasa wa arobaini. Naukumbuka vizuri mno. Bibi mzee wa nyumba uliyokaribishwa amekufa safarini, barafu imemchukua. Kwa watu wale jina la mfu halitajwi mpaka apatikane mtoto wa kulibeba, na akishalibeba anaitwa kama yule yule, anapewa kiti chake, hata watani wake. Nyakio alicheka kwa furaha. "Ni kama sisi! Ni kama mimi na shosho!" Kweli ni kama sisi, nami nikiwa mtoto sikuona hilo, niliona theluji tu.

Sasa mama wa nyumba ile anakuomba wewe, mgeni, ulichukue jina la marehemu. Ukikubali, nenda ukurasa wa hamsini na nane. Ukikataa, nenda sabini na moja. Tiki ya penseli iko kwenye hamsini na nane, imekolezwa.

Hapa ndipo mama alipokinyakua kitabu nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Sikuwahi kugeuza.

Leo pia hatukugeuza, kwa sababu hamsini na nane imeshikana na hamsini na tisa. Maji ya bati yameifanya gundi. Tukasoma sabini na moja: umekataa, wanakuheshimu, wanakupa samaki wa njiani na kukusindikiza. Nyuma yako mama yule amebaki mlangoni.

"Hiyo si mwisho mzuri," alisema Nyakio, na kurudi kwenye kidole.

Jumanne, 3 Novemba

Nimekibeba kitabu kazini. Kurasa zilizoshikana si shida kwetu: mvuke wa birika, kisu chembamba cha mfupa, na subira. Zadock alikuwa amejaa utani. "Leo unajalidi barafu?"

Nikiwa nangoja birika, nikafanya jambo la kitoto. Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika kilichomo ukurasa wa hamsini na nane, ukurasa nisiowahi kuuona. Sijui kwa nini. Mkono uliandika bila kusita. *Umekubali. Mama anakupangusa theluji begani na kukuuliza kwa nini umechelewa. Usimwambie wewe ni mgeni. Sema, Nimerudi.*

Kurasa ziliachana vizuri bila kuchanika.

Ni hivyo hivyo. Neno kwa neno, isipokuwa pale ni kwa Kiingereza. Na chini hakuna chaguo, wala hawajaandika Mwisho. Kinaishia tu hapo.

Zadock alinitengea kiti. Akasema uso wangu umekuwa rangi ya gundi. Ili nipate la kufanya kwa mikono nikaondoa ile karatasi ya kaki iliyooza, na ndani ya jalada, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtoto unaolalia kushoto: *Mwihaki, Std 4, 1979.*

Mimi nilizaliwa Septemba 1980.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimetoka kwa Muigai sasa hivi na ninaandika na sweta mbichi.

Alinifungulia, akaona kitabu, akamwambia mkewe atuache sebuleni. Niliweka kitabu wazi mezani pale penye jina. Alikitazama, akaficha tena mikono yake chini ya meza, na hasira yangu ikapungua kidogo. Ana miaka arobaini na mbili, na alikaa pale kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Tulikatazwa kuongea," alisema. "Baba alisema kwa hii nyumba hiyo maneno imeisha."

"Maneno gani?"

"Kulikuwa na Mwihaki mwingine. Alinifuata mimi. Tulikuwa wawili, halafu nikabaki peke yangu, halafu ukakuja."

Akaniambia yote. Ilikuwa Novemba ya 1979, mvua za vuli kama hizi. Mama alimtuma ng'ambo ya mto akate majani ya mbuzi kabla mvua haijarudi. Mwihaki alikuwa kwenye ngazi ya jikoni na kitabu. Alikuwa amekisoma na kukimaliza zamani, alikuwa anakirudia kwa mara sijui ya ngapi, na kila siku alimhadithia mama akichambua maharagwe. Mama akamnyang'anya kitabu akamwambia nenda kwanza, utasoma ukirudi. Akaenda. Mto ukajaa. Kamba ya majani ilipatikana, yeye hakupatikana.

"Hata mwili?"

"Hakuna kitu tulizika, Mwihaki."

Alikuwa amebeba jina la mama yake baba, na bibi hangeachwa bila wa kumbeba. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, nikapewa jina, na ndiyo njia yetu, hakuna aliyeona ubaya. Watu wakafurahi kwamba Mwihaki amerudi. Wakalisema sana hilo, mpaka baba akawanyamazisha.

"Na siku ile mama alininyang'anya kitabu?"

"Alitoka jikoni akakupata kwa ile ngazi. Ukurasa ile ile. Na kulikuwa kunataka kunyesha." Akafuta macho kwa tai. "Hakupiga kelele. Alichukua tu. Usiku alikuwa anatapika."

Nilimwuliza kama nilifanana naye. Akasema ndiyo, halafu akasema hapana, halafu akasema hakumbuki tena yupi ni yupi, na hilo ndilo lililomfanya asije Kabiria mara nyingi.

Jumapili, 8 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilimweleza Mama Lenox yote tukimenya viazi. Aliacha kumenya.

"Mama Nyakio, nyinyi watu mnacheza na moto. Kwetu mtu akienda na maji, hakuna mtoto anaitwa hiyo jina. Hata kama ni ya chifu. Unaiacha ipoe."

"Kwetu jina haliachwi."

"Nimeona. Ndiyo maana huyo wa maji amekuwa akitafuta kiti yake."

Nilimwambia anyamaze, kisha nikamwomba msamaha. Usiku uliopita nilikaa nikijitazama kwenye kioo cha kabati. Nina hasira na watu wote wa familia hii, waliokufa na walio hai. Miaka ishirini na tisa nimevaa nguo ya mtu na hakuna aliyeniambia.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua. Ameuliza tena.

Jumamosi, 14 Novemba

Leo nimefanya kitu ambacho sitarudia.

Mvua ilianza adhuhuri. Mama akasimama dirishani, akauliza, nami nikaamua kwamba mtu mzima anastahili ukweli. Nilimgeuza polepole, nikamshika mikono. "Maitu, yule Mwihaki alikufa. Mto ulimchukua. Mimi ni wa pili. Mimi ni mtoto wako pia, nitazame."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi alinitazama usoni, si begani, na nikafikiri sasa, sasa amenijua. Kisha uso wake ukafunguka, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwa mtu. Alikuwa anaambiwa leo. Kwake ilikuwa leo. Alitaka kutoka kwenda mtoni, tukamshika mimi na Mama Lenox, na alikuwa na nguvu za msichana. Nyakio alijificha chini ya meza na kitabu.

Alilia mpaka akalala. Alipoamka jioni alikuwa mtulivu. Alisogea dirishani, akapangusa kioo kwa kiganja. "Mwihaki hajarudi?"

Nikaenda kukaa chooni ili nilie.

Alhamisi, 19 Novemba

Nyakio amefunga shule. Amekuwa wa kumi na moja darasani. Shosho wake aliinua kiganja wakagonga tano, kama Nyakio alivyomfundisha.

Jumatatu, 23 Novemba

Mama hali vizuri. Hataki kulala kitandani kukinyesha, na kunanyesha kila siku. Anasema atalala Mwihaki akifika. Daktari wa zahanati alisikiliza kifua, akasema kuna maji, akaniuliza kama tuna watu wa kutusaidia.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimerudi kazini nimelowa chapachapa. Mama alinigusa nywele akavuta mkono haraka. Akamwambia Nyakio, "Wakini, huyu mtu ametoka mtoni, na amekuja peke yake."

Jumanne, 1 Desemba

Halali kabisa sasa. Anasinzia akiwa amekaa, anashtuka, anauliza. Midomo imepasuka. Muigai amekuja, ameshindwa kuvumilia, amerudi kwake.

Nyakio alikuwa mkekani na kitabu, kidole kwenye arobaini. Amekuwa akikaa na ukurasa huo wiki nzima. Bila kuinua macho akasema, "Mum, si usome tu hamsini na nane?"

"Kusoma vipi?"

"Shosho anangoja mtu aseme."

Nilimwambia akanawe miguu. Nilipokuwa nikimtandikia niliweka shuka juu chini, kwa sababu nami nilikuwa nimeshawaza hivyo.

Alhamisi, 3 Desemba

Mama Lenox hataki kusikia habari ya mimi kuitika kama yule wa kwanza. "Ukiitika jina ya mtu, utatokaje? Nani atakuita?" Nikamwambia hilo ni jina langu pia. Akasema, "Ile ndiyo shida."

Jumapili, 6 Desemba

Jana. Lazima niandike kama ilivyokuwa.

Saa kumi ya jioni mvua ilikaza, mpaka kuku wakaingia sebuleni. Mama alikuwa kitini, hana nguvu ya kusimama, lakini amekaza shingo kutazama bonde. Pumzi zake zilikuwa na sauti ya maji. Mama Lenox alikuwa amemshika mgongo. Nikajua kwamba anaondoka, na anakataa kuondoka kabla mtoto hajarudi nyumbani, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kurudi.

Mimi nilikuwa nimetaka kitu kimoja tu kwake. Niliona wazi kwamba nikienda upande ule sitakipata tena, sitakuwa na siku nyingine ya kumwambia mimi ni nani. Nilivua viatu. Nyakio alinifuata mpaka mlango wa jikoni, amekumbatia kitabu.

"Mum, nimeweka kidole arobaini. Nimekaza. Ukimaliza unarudi."

Nilishuka bondeni mpaka pale mto ulipokuwa umekula njia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanapita na magogo na mlango mzima wa mtu. Sikukaa. Niling'oa majani kwa mikono, nikayafunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikapanda. Kwenye ngazi ya jikoni nilisimama kidogo. Nakumbuka nilisikia baridi kutoka ndani, kwenye mifupa, baridi ambayo hatuna hapa Nairobi. Nikaingia.

"Nimerudi, maitu."

Aligeuka. Hakutazama begani. Alinitazama mimi, na uso wake wote ukashuka ukapumzika, na Mama Lenox akaanza kuomba kwa Kijaluo chini chini.

"Mbona umechelewa hivyo?" Alinipangusa bega kwa kiganja. "Si nilikwambia upite juu, kwenye daraja?"

"Yule mbuzi mwekundu alikata kamba. Nilikuwa namfuata."

Sijui mbuzi mwekundu ametoka wapi. Sijawahi kuona mbuzi katika boma hili maisha yangu yote. Mama alitikisa kichwa kama mtu anayemjua mbuzi huyo na tabia zake.

"Sikupaswa kukunyang'anya kitabu," alisema.

"Kiko salama, maitu. Kiko hapa."

"Haya. Basi nilaze."

Tukamlaza. Nilimfunika miguu. Nilidhani amesinzia, kisha akanishika kifundo cha mkono, akaongea kwa sauti ya kila siku, ile ya kuuliza kama maziwa yamechemka.

"Na mdogo wako yuko wapi?"

"Mdogo wangu nani?"

"Mwihaki wangu mdogo. Yule anayetengeneza vitabu mjini. Kila siku ananitunza, na mimi sikumwita hata kwa jina, kwa sababu ulikuwa bado hujaingia. Ningewaitaje wote wawili mmoja akiwa nje?" Alivuta pumzi. "Sasa mwite. Amechoka na kazi huyo. Asibaki kwa mvua."

Alikuwa ananijua. Siku zote alikuwa ananijua. Nilikuwa nimesimama mbele yake nimevaa maji ya dada yangu, na sikuweza kusema ni mimi, kwa sababu ningemwua yule tena palepale.

"Anakuja, maitu," nikasema. "Yuko njiani."

"Umwachie mlango wazi."

Alikufa alfajiri. Mlango tuliuacha wazi, na mvua iliingia mpaka katikati ya chumba.

Jumatano, 9 Desemba

Watu, sufuria, viti vya kukodi. Wananiita Mwihaki na mimi nangoja kidogo kwanza, nione kama kuna mwingine ataitika.

Jumamosi, 12 Desemba

Jana tulimzika. Muigai alisema maneno machache kaburini, akataja watoto watatu, na wazee wakatazama chini. Nilimshukuru kwa kumshika mkono.

Leo mvua imekatika. Mto umerudi kuwa kamto. Mama Lenox ameanika magodoro, amenipikia uji na ndimu, na ananichungulia kila ninapompa mgongo.

Nimeona sasa hivi kwamba tiki nilizoweka kwenye orodha ya waliochanga viti zimelalia kushoto.

Nyakio yupo kwenye ngazi ya jikoni na kitabu. Tangu siku ile hajakiachilia: anakula kwa mkono mmoja, na akilala anaweka kitana mahali pa kidole, asubuhi anarudisha kidole. Nimemwendea nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia yameisha, shosho amepumzika, sasa atoe kidole, kitakufa ganzi.

Aliinua macho. Hakunitazama usoni. Alinitazama juu ya bega, kule njia inakotoka bondeni, vile vile alivyokuwa akitazama yule mwenye jina lake.

"Ngoja kidogo," akasema, kwa upole kabisa. "Mum hajarudi."